Wanyama wa rekodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara huku Kusini

Haya maswali yanajirudia sana Lindi na Mtwara. Kuna ya wanafunzi, kuna ya wavuvi, na kuna ya wale mabingwa wa kubishana kijiweni ambao wakikwama wanatafuta mtu wa kuwaamulia. Kabla hujasoma shika hili moja: ukisema "mkubwa kuliko wote" sema mkubwa kwa nini, kwa urefu, kwa kimo, kwa uzito au kwa eneo, maana kila kipimo kina mshindi wake na ubishi mwingi unaanzia hapo hapo.

Hivi mnyama mkubwa kuliko wote si tembo?

Tembo anashinda nchi kavu tu. Baharini yuko nyangumi bluu, anafika karibu mita 30 na uzito wake unaweza kupita tani 150, wakati tembo dume mzima wa Liwale ni tani 6 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe. Mmoja alikufa pwani ya Canada mwaka 2014, wataalamu wakautoa moyo wake wakaupima, ukawa kama kilo 180. Na jitu lote hilo halina hata jino moja. Linakula vidudu vya jamii ya uduvi, linapiga funda la maji alafu linayasukuma nje kupitia nyuzi ngumu zilizoning'inia kwenye taya la juu, maji yanatoka, uduvi unabaki, na kwa siku linameza tani kadhaa.

Kwa nini ukubwa huo uwe baharini tu? Kwa sababu maji ndiyo yanabeba mwili. Nyangumi akikwama ufukweni uzito wake mwenyewe unamkandamiza mapafu na anakufa hata kama hajajeruhiwa popote.

Mwaka 2023 ilitangazwa mifupa ya nyangumi wa kale kutoka Peru, jina lake Perucetus, ikasemwa labda alikuwa mzito kuliko nyangumi bluu, makadirio ya juu yakafika tani 340. Mwaka uliofuata wengine wakarudia hesabu wakayashusha sana. Kwa hiyo mkanda bado uko kwa nyangumi bluu.

Wale nyangumi tunaowaona Msimbati ndio hao?

Hapana, wale kwa kawaida ni nyangumi wenye nundu, mita 12 mpaka 16. Wanakula huko kusini kabisa kwenye bahari ya barafu ya Antaktika, ikifika kati ya Julai na Novemba hivi wanapanda mpaka huku kwenye maji ya joto kuzaa na kupandana. Ndo maana unaona mama na mtoto. Mapezi yao ya ubavuni ni marefu mno, karibu theluthi moja ya mwili, na ndiyo hayo unayaona yakipiga maji. Eneo lile tangu 2000 ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, kwa hiyo ukienda na boti kuwaangalia usiwakimbize, muda wa kumnyonyesha mtoto ndio huo huo.

Alafu nyangumi sio samaki, ana damu moto na ananyonyesha, hili tumalizane nalo hapa.

Basi samaki mkubwa kuliko wote ni nani?

Papa potwe. Anaweza kufika mita 18 ingawa wengi wanaoonekana ni wadogo kuliko hapo, na kwetu sehemu maarufu ya kumwona ni Mafia, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Hali watu. Mdomo wake unafika mita moja na nusu kwa upana lakini koo ni jembamba, anachuja vidudu na samaki wadogo tu, ndo maana watu wanaogelea naye bila shida. Wavuvi wa dagaa wanamjua vizuri, maana palipo na dagaa na yeye anafika.

Ni kweli mjusi mkubwa kuliko wote alitoka Lindi?

Hili ndilo swali namba moja, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Tendaguru ni kilima kaskazini magharibi ya Lindi mjini, kama kilomita 60. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani anaitwa Sattler alioneshwa mifupa mikubwa imetokeza ardhini, nasema alioneshwa kwa sababu wenyeji walikuwa wanaijua siku nyingi, haiwezekani mfupa wa paja mrefu kuliko mtu ulale shambani kwako usiuone. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani wakachimba, viongozi wao walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, ila kazi yenyewe ya kuchimba, kufunga mifupa na kuibeba ilifanywa na mamia ya watu wa huku. Msimamizi mkuu wao alikuwa Boheti bin Amrani. Vita ya Maji Maji ilikuwa ndo imeisha, Kusini kuna njaa, watu wakapata kibarua cha kubeba mifupa kichwani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Zaidi ya tani 200.

Humo ndimo alimotoka Giraffatitan, dinosaria ambaye ndiye huyo mjusi mnayemuuliza. Mifupa yake iliunganishwa Berlin mwaka 1937 na ikasimamishwa upya 2007, kimo chake mita 13.27, na ndiyo mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani kwa kwenda juu. Yaani mnazi uliokomaa angekula makuti yake bila kujinyoosha. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, wakati Afrika bado imeshikana na mabara mengine ya kusini. Ila ujue kitu kimoja ambacho wengi hawakitaji: ile iliyosimama Berlin sio ya mjusi mmoja, wameunganisha mifupa ya wanyama kadhaa wa aina moja, na sehemu zilizokosekana wakazitengeneza.

Sasa je, ndiye mkubwa kuliko wote? Kwa kimo cha mifupa iliyosimamishwa ndiyo, rekodi iko kwake. Kwa urefu na uzito hapana, Argentina wamepata wakubwa zaidi kama Patagotitan, ambaye anakadiriwa mita 37 toka pua mpaka mkia. Kwa hiyo ukibishana na mtu, mwambie kimo, usiseme uzito, utapigwa.

Majina ya huku yamebaki kwenye sayansi pia. Kuna dinosaria wa Tendaguru anaitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti, na mwaka 2019 mwingine alipewa jina Wamweracaudia, kwa ajili ya Wamwera. Mimi naona hiyo ni heshima ya kweli ila imechelewa miaka mia.

Mbona mifupa hairudishwi?

Hoja hiyo imeongelewa mpaka bungeni. Kuna wanaotaka mifupa irudi yote, kuna wanaosema kuitunza ni gharama kubwa hivyo bora tudai mgao wa mapato na makumbusho ijengwe Lindi. Maoni yangu: hata nakala nzuri ya ukubwa kamili ikisimamishwa Lindi mjini ingekuwa mwanzo mzuri, kwa sababu sa hivi mtoto wa Mipingo aliyezaliwa jirani kabisa na shimo lenyewe hana pa kwenda kumwona.

Twiga je, mbona Lindi hayupo?

Kwa kimo ndiye mnyama mrefu kuliko wote aliye hai, madume makubwa yanapita mita 5 na nusu. Kwenye pori la Selous ya zamani, ambalo sehemu kubwa sasa ni Hifadhi ya Nyerere, twiga wako kaskazini ya mto Rufiji, kusini ya mto huwaoni. Kwa hiyo sisi tumebaki na mwenye shingo ndefu wa zamani tu.

Tembo mkubwa kuliko wote aliwahi kupatikana wapi?

Angola, mwaka 1955, aliuawa na mwindaji anaitwa Fénykövi. Yuko amejazwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, kimo begani kama mita 4, na tembo dume wa kawaida ana mita 3 na kitu. Ila kwa pembe rekodi ni ya kwetu, ile jozi kubwa iliyotoka Kilimanjaro mwaka 1898, kila pembe ilikuwa na kilo 100 hivi, iko London.

Pembe za hivyo huzioni tena na sababu ni rahisi, wenye pembe kubwa ndio waliouawa kwanza. Selous ilikuwa na tembo zaidi ya laki moja miaka ya 1970, hesabu ya 2013 ikakuta karibu 13,000 tu. Waliobaki wanatembea mpaka Niassa, Msumbiji, wanavuka Ruvuma wanavyotaka, hawana habari na mpaka. Na mkulima wa Liwale au Nanyumbu akisikia "tembo ni urithi wetu" anakuangalia tu, maana shamba la mahindi la ekari mbili linaisha usiku mmoja. Pilipili na mizinga ya nyuki kwenye uzio vinasaidia kwa kiasi, tembo hapendi kuumwa na nyuki puani.

Hifadhi ya Nyerere ndiyo kubwa kuliko zote Afrika?

Utaisikia sana hiyo lakini sio kweli. Ilianzishwa 2019, ina kilomita za mraba 30,893, kipande chake kiko huku Liwale, na kwa Tanzania hakuna hifadhi ya taifa inayoifikia, Serengeti ina 14,763. Ila Namib-Naukluft ya Namibia ina karibu 50,000. Tofauti ni kwamba ile ni jangwa kwa sehemu kubwa, hii ni miombo na mito. Mwenye kuhesabu wanyama atakuja kwetu.

Na mikoko? Ya Rufiji ndiyo mingi kuliko yote Afrika Mashariki sehemu moja, kama hekta 53,000. Kwa dunia nzima msitu wa Sundarbans, Bangladesh na India, ndio mkubwa, huko mpaka chui milia wanaogelea kwenye mikoko.

Simba si ndiye paka mkubwa kuliko wote?

Chui milia wa Asia anamzidi, dume la Siberia linaweza kufika kilo 300 hivi, simba dume akifika 250 huyo ni simba hasa. Lakini kwa watu wa Kusini simba hana haja ya rekodi ya uzito. Utafiti wa Craig Packer na wenzake uliotoka 2005 ulionesha kwamba tangu 1990 simba waliua Watanzania 563 na kujeruhi zaidi ya 300, na Lindi na Mtwara zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Chanzo kilichoonekana ni nguruwe pori. Wanyama wengine wa kuliwa na simba wameisha, nguruwe pori wamebaki na wanafuata mazao, simba anafuata nguruwe, na mtu naye amelala kwenye dungu shambani analinda mpunga wake. Wakakutana hapo. Kwa hiyo ukitaka simba apungue kijijini anza na nguruwe.

Mamba wa Ruvuma ana urefu gani?

Mamba wa mto Nile, ambaye ndiye huyu wetu, mkubwa kweli anafika mita 5 na kitu. Video za "mamba wa mita 10" ni uongo, nyingine ni pembe ya kamera tu. Mrefu kuliko wote kupimwa akiwa hai ni Lolong, mamba wa maji chumvi wa Ufilipino aliyekamatwa 2011, mita 6.17 na kilo 1,075, alikufa 2013. Yule Gustave wa Burundi anayesemwa kwamba ameua mamia hakuwahi kukamatwa wala kupimwa, mita zake ni za kukadiria kwa macho.

Chatu anaweza kumeza mtu mzima?

Chatu wa Asia ameshafanya hivyo, Sulawesi, Indonesia, 2017 na tena 2018. Huyo ndiye nyoka mrefu kuliko wote, mmoja anaitwa Medusa wa Kansas City alipimwa mita 7.67. Chatu wetu wa Afrika akifika mita 5 ni mkubwa sana, mbuzi anamaliza, swala anamaliza, mtu mzima mabega ndiyo yanamshinda, ila mtoto mdogo usimwache peke yake kwenye pori lenye chatu. Koboko anasifika kwa urefu, ni kweli kwa Afrika ndiye mrefu kati ya wenye sumu, kwa dunia anazidiwa na swila mfalme wa Asia anayepita mita 5.

Wa kale walikuwa balaa. Titanoboa wa Colombia, miaka kama milioni 60 iliyopita, anakadiriwa mita 13.

Kuna pweza wa kuzamisha jahazi?

Hamna. Pweza mkubwa kuliko wote yuko kaskazini ya bahari ya Pasifiki, wa kilo 70 hivi ameshapimwa. Ngisi ndio wanaotisha: mwaka 2007 boti ya New Zealand ilivua ngisi jitu huko Antaktika, kilo 495, na jicho lake kipenyo kama sentimita 27. Akiwa hai kwenye makazi yake alirekodiwa mara ya kwanza 2025 tu, na alikuwa mtoto wa sentimita 30.

Pweza wetu wa Kilwa na Songosongo anaishi mwaka mmoja na kidogo basi, lakini anakua haraka ajabu. Ndo maana wanaofunga mwamba usivuliwe miezi mitatu wakifungua wanakuta kilo zimepanda.

Silikanti ni samaki gani na anahusikaje na Lindi?

Ni samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, mpaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta kwenye samaki waliovuliwa Afrika Kusini. Kwa Tanzania wa kwanza alinaswa Songo Mnara, wilaya ya Kilwa, 2003, baadaye Tanga wakawapata wengi na wakaanzisha hifadhi yake. Anafika karibu mita 2. Mapezi yake yana mfupa na nyama kama mguu uliokatishwa, anakaa chini sana kwenye mapango, mita mia na zaidi, na nyama yake ina mafuta yasiyofaa kuliwa, kwa hiyo hata kama una njaa hapo hujapata kitoweo.

Jongoo wetu nao wana rekodi?

Wanayo! Jongoo mkubwa kuliko wote duniani waliopo sasa ni huyu mweusi wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Msumbiji mpaka Kenya, yule anayejaa njiani mvua zikianza. Kwa kawaida anafika sentimita 30 na kitu, na aliyevunja rekodi, aliyefugwa Marekani, alikuwa na 38.7. Haumi, anajikunja na kutoa maji yanayowasha, usishike alafu ukapikicha macho. Wa kale wa jamii yake, Arthropleura, alifika mita 2 na nusu, mabaki yake yalitangazwa Uingereza 2021.

Na panya buku?

Na mkia wake anakaribia mita moja, uzito kilo moja na zaidi. Ndiye anayefundishwa Morogoro, kwenye chuo kikuu cha kilimo SUA, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa alipewa medali ya dhahabu Uingereza 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia, na Ronin amevunja rekodi yake, mabomu 109 kufikia 2025. Uzito wake mdogo ndio unamlinda, anakanyaga bomu halilipuki. Najua wengine huku mnamjua kama mboga, mimi sisemi kitu. Ila kwa ukubwa wa jamii ya panya Afrika anayeshinda ni nungunungu, naye ni wa ukoo huo huo wa wanyama wenye meno ya kuguguna.

Mkorosho mkubwa kuliko wote uko Mtwara?

Inauma lakini uko Brazil, Pirangi karibu na Natal. Mti mmoja umefunika karibu mita za mraba 8,500, zaidi ya ekari mbili. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 tunayofundishwa na kituo cha utafiti cha Naliendele, hapo ungepanda miche karibu 60. Matawi yake yana kasoro ya kuzaliwa, yanakua kwa pembeni mpaka yanalala chini kwa uzito, yakigusa udongo yanatoa mizizi na kuendelea mbele. Mikorosho yetu matawi yakilala tunayapogoa, kwa hiyo hatuwezi kushindana, na kwa mavuno ni bora hivyo.

Na rekodi ya udogo je, tunayo?

Komba wa Rondo, wa hapa hapa Lindi. Gramu kama 60, ndiye mdogo kuliko komba wote. Wanasayansi walimtambua rasmi miaka ya 1990 tu na misitu aliyobakiwa nayo ni vipande vipande, Rondo, Litipo, na michache kuelekea Pugu. Kila tanuru la mkaa linampunguzia chumba.

Nikikutana na kitu kikubwa nifanyeje ili nisionekane muongo?

Pima kabla hujakata na kabla hakijakauka. Nyoka mnyooshee kamba mgongoni, usipime ngozi iliyochunwa, ngozi inavutika na ndiyo inayozalisha nusu ya rekodi za uongo. Mamba ukipata fuvu tu, urefu wa kichwa mara saba unakaribia urefu wa mwili wote. Samaki mlaze chini ubavuni na utepe, usimnyooshe mbele ya kamera kwa mikono, kila mtu anajua huo mchezo. Ukinasa silikanti mweke kwenye barafu umpigie afisa uvuvi.

Na kama ni mfupa uliogeuka jiwe huko Tendaguru usiuchomoe, kwanza sheria ya mambo ya kale ya 1964 inakataza, pili tabaka la udongo ulipolala ndilo linaloonesha umri wake, ukishautoa mtaalamu anabaki na jiwe lisilo na tarehe. Piga picha, weka jembe pembeni kuonesha ukubwa, toa taarifa halmashauri.